Sauti ya Sinema Sebuleni: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kununua Sabufa Kubwa Zaidi

Simama katikati ya sebule yako, zima televisheni na feni, kisha piga kofi moja kwa nguvu. Ukisikia mlio mfupi, mkali, unaorukaruka kati ya kuta baada ya kofi lenyewe kwisha, umeshaipata sababu ya kwanza inayokufanya usiyasikie maneno ya waigizaji hata unapopandisha sauti hadi majirani wakalalamika. Sebule nyingi za mijini kwetu zimejengwa kwa tofali za saruji, zikapigwa plasta na kulainishwa, sakafu ikawekwa marumaru, na dirisha likawa la kioo na alumini. Ni sebule safi na yenye ubaridi, lakini masikioni haina tofauti kubwa na bafu. Sabufa mpya ikiingia humo itaongeza kishindo, na maneno yatabaki yamefichwa na mwangwi uleule.

Kwa hiyo anza na chumba, kwa kuwa hapo ndipo fedha kidogo huleta mabadiliko makubwa. Tandika zulia nene kati ya televisheni na makochi, kwa sababu sauti hugonga sakafu hiyo kabla ya kukufikia. Mapazia mazito yaliyokunjwakunjwa yafunike kioo chote cha dirisha, na kama una nafasi ya kuchagua, makochi ya kitambaa humeza sauti zaidi kuliko ya ngozi. Kuta za pembeni zina ujanja wake: kaa mahali unapokaa siku zote, mwombe mtu atelezeshe kioo kidogo cha kujitazamia ukutani, na pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga na kurudi. Sehemu hiyo iwekewe rafu ya vitabu au kitu kinene cha kitambaa. Kanga ikitundikwa hapo itapendeza, ila ni nyembamba mno kwa kazi hii. Blanketi zito au zulia dogo lililoachwa sentimita 5 hivi kutoka ukutani litafaa zaidi. Zile trei za mayai ambazo vijana huzibandika kwenye studio za mtaani hazisaidii kitu cha maana, hasa kwenye besi.

Baada ya hapo tazama spika zilipokaa. Nimeshaingia sebule ambayo spika zote tano zimepangwa juu ya kabati la televisheni kama vyombo vya maonyesho, na mwenye nyumba anauliza kwa nini haisikiki kama sinema. Mfumo wa spika tano na sabufa moja, ule unaoandikwa 5.1, umepangwa kuzunguka msikilizaji. Spika ya kati hubeba karibu mazungumzo yote, nayo hukaa chini au juu ya televisheni, ikielekezwa usawa wa masikio ya aliyekaa. Za kushoto na kulia hukaa kila moja nyuzi 30 hivi kutoka mstari wa katikati, kiasi kwamba zikiwa zimeachana mita 2.5, nawe unakaa mita 2.5 kutoka kwa kila moja. Mbili zinazobaki hukaa pembeni yako na nyuma kidogo, kati ya nyuzi 100 na 120. Kile kispika kidogo cha sauti nyembamba ndani ya spika za mbele kiwe kimo cha masikio, yaani kama mita moja kutoka sakafuni. Makochi nayo yasiegemee ukuta wa nyuma, kwa kuwa besi hujikusanya ukutani. Ukiyavuta mbele hata nusu mita utaisikia tofauti.

Sabufa ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu mahali inapopendeza kuonekana si lazima pawe mahali inaposikika vizuri. Kila chumba kina mawimbi ya besi yanayojirudia kulingana na urefu wake. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo chumba chenye urefu wa mita 5 huvuma zaidi karibu na Hz 34 (mitetemo 34 kwa sekunde), na upana wa mita 4 karibu na Hz 43. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa maana mivumo miwili huangukia mahali pamoja. Ndiyo maana besi inaweza kutikisa mlango wa jikoni huku aliyekaa kwenye kochi haisikii. Dawa yake inachekesha, lakini inafanya kazi. Weka sabufa juu ya kochi, pale unapokaa kwa kawaida, cheza wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kisha tambaa kando ya kuta kichwa kikiwa karibu na sakafu. Watoto watakucheka. Pale utakaposikia kila noti ikitoka kwa usawa, bila moja kuvuma na nyingine kupotea, ndipo pa kuiweka sabufa. Kama kuna kitufe cha kuchagua mahali pa kugawana kazi kati ya sabufa na spika ndogo, anza na Hz 80. Chini ya hapo sikio huona shida kutambua sauti inatoka upande gani, na hivyo ndivyo unavyotaka. Ukiweza kunyoosha kidole kuelekea sabufa wakati filamu inaendelea, umeipandisha mno au umeipa sauti za juu zisizo zake.

Mipangilio ya televisheni haigharimu kitu, nayo husahaulika. Ukishaunganisha kifaa cha nje, zima spika za ndani ya televisheni, la sivyo utasikia maneno mara mbili kwa kupishana kidogo. Kama kifaa chako kinapokea sauti ya chaneli mbili tu, yaani ya kushoto na ya kulia, chagua PCM (sauti isiyobanwa) kwenye menyu ya sauti. Kama kinaweza kufasiri chenyewe Dolby Digital, ile sauti ya 5.1 iliyobanwa, chagua Auto au Bitstream, na ufanye vivyo hivyo kwenye king'amuzi, kwa sababu king'amuzi kilichowekwa PCM kitatoa chaneli mbili hata mbele ya mfumo wa gharama kubwa. Risiva ya sauti (simaanishi ile ya dishi, bali amplifaya inayopokea sauti na kuigawa kwa spika) itakuuliza umbali wa kila spika. Pima kwa futi ya fundi badala ya kukisia, kwa kuwa kila sentimita 34 ni milisekunde moja ya kuchelewa. Spika ya kati ipandishwe desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 3 kama mazungumzo bado yanazama. Wanaoishi nyumba za kupanga, ambako ukuta wa jirani ni ukuta wako, watafute kipengele cha usiku: hupunguza milipuko na kuinua minong'ono, ukaweza kutazama saa sita usiku bila kushika rimoti muda wote.

Ukishayafanya hayo na bado hujaridhika, sasa nunua. Lakini kwanza zunguka nyuma ya televisheni na tochi. Tafuta tundu la HDMI lililoandikwa ARC. Njia hiyo iliingia na HDMI 1.4 mwaka 2009, na hurudisha sauti ya televisheni kwenye saundiba (ile spika moja ndefu inayokaa chini ya televisheni) au risiva kupitia waya uleule unaoleta picha. Kwa kawaida ni tundu moja tu kati ya matatu au manne, na ukichomeka kwenye lingine hutasikia kitu. ARC hubeba Dolby ya 5.1, pamoja na ile ya Atmos, yenye sauti za juu ya kichwa, inayotumwa na huduma za filamu za intaneti. Ukiona eARC, ambayo ilikuja na HDMI 2.1, televisheni yako inaweza kupitisha hata sauti isiyobanwa ya chaneli nyingi kutoka kwenye diski za Blu-ray. Pande zote mbili lazima ziwe na uwezo huo. Saundiba yenye eARC ikiungwa kwenye televisheni ya ARC itafanya kazi kama ARC.

Televisheni isiyo na ARC huenda ina tundu la mraba la waya wa mwanga (optical). Huo hubeba Dolby Digital ya 5.1 au chaneli mbili za PCM, na hauendi zaidi ya hapo. Faida yake ambayo wengi hawaijui ni kwamba haupitishi umeme, kwa hiyo hauwezi kuleta mvumo. Bluetooth ni ya kusikilizia muziki tu: hubeba chaneli mbili, na kuchelewa kwake mara nyingi humfanya mwigizaji afunge mdomo kabla sauti haijafika. Jihadhari pia na filamu unazochezea kwenye flashi. Zikiwa na sauti ya DTS, mshindani wa Dolby, televisheni nyingi za miaka ya karibuni huonyesha picha na kukaa kimya, na mtu huamini kuwa saundiba imekufa. Na kama una televisheni ya 4K, kila kifaa kilicho njiani kati ya chanzo na kioo kiwe kinakubali HDCP 2.2, kinga ya kuzuia filamu zisinakiliwe; risiva ya zamani isiyokubali itakupa kioo cheusi au picha iliyoshushwa ubora.

Maboksi ya dukani yanahitaji msomaji makini. Seti nyingi za sabufa huandikwa 5.1 kwa sababu zina spika tano ndogo, lakini ukigeuza nyuma unakuta matundu mawili tu, jekundu na jeupe, pamoja na ya flashi na Bluetooth. Hiyo hupokea chaneli mbili na kuzigawa kwa spika zote. Spika za nyuma hurudia ya mbele. Ili 5.1 iwe ya kweli, lazima kuwe na HDMI ya ARC, au tundu la mwanga lenye kifasiri cha Dolby ndani, au angalau matundu sita ya kuingizia sauti, kila chaneli na lake.

Kisha kuna wati. Boksi likiandikwa wati 10,000 za PMPO, lipuuze, maana hicho si kipimo kinachofuata kanuni yoyote. Soma lebo ya nyuma, pale palipoandikwa kiasi cha umeme kinachotumika. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 10,000 kwenye spika, wala hata hizo 60 zote. Linganisha wati za RMS, zile kifaa kinazoweza kutoa mfululizo, na hata hapo usizipe uzito kupita kiasi: kuongeza wati mara mbili hupandisha sauti desibeli 3 tu, na ili sikio liseme imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati mara kumi hivi. Spika yenye usikivu wa desibeli 90 kwa wati moja italia kama ya desibeli 87 iliyopewa wati mbili, kwa hiyo namba hiyo ndogo kwenye karatasi ya maelezo ina maana kuliko maandishi makubwa ya boksi.

Anayechanganya amplifaya na spika za watengenezaji tofauti aangalie omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme. Amplifaya iliyoandikwa omu 6 hadi 16 isifungwe spika ya omu 4, na spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba kwenye matundu yale yale huwa omu 4. Wiki ya kwanza itaimba vizuri; siku ya sherehe, sauti ikipandishwa saa tatu mfululizo, itapata joto na kujizima, au isiwake tena. Waya wa spika wa shaba wenye milimita za mraba 1.5 unatosha kwa umbali wa mita 10 na spika za omu 8. Kwangua ncha yake kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, basi chukua mnene zaidi. Nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi kila upande. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea na sauti huwa kama haina makao.

Vifaa vinavyoletwa na ndugu walio ng'ambo vina mtego mmoja ambao ni wa haraka na wa kudumu. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240, wote wa Hz 50. Wa Marekani ni volti 120 na Hz 60, na wa Japani volti 100. Jirani yangu aliletewa risiva nzuri sana kutoka Marekani, akanunua adapta ya pini ili iingie kwenye soketi, akawasha. Ilitoa mlio wa "pu", ukafuata moshi mwembamba kwenye matundu ya juu, na harufu ile ilikaa kwenye mapazia siku mbili. Adapta hubadilisha umbo la pini tu. Lebo ikisema 100–240V, chomeka bila hofu. Ikisema 120V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo unaozidi matumizi ya kifaa, na ujue kwamba haibadilishi Hz, hivyo kifaa kinaweza kupata joto kuliko kilivyozoea kwao.

Mvumo wa "mmm" usiokoma hata ukinyamazisha filamu mara nyingi huingia kwa waya wa dishi au antena. Chomoa waya huo kwenye king'amuzi: mvumo ukikatika, mkosaji ni waya huo, nawe waweza kutumia waya wa mwanga au kumwita fundi aunganishe ardhi ya dishi na ya nyumba. Vifaa vyote vichomekwe kwenye soketi moja ya ukutani. Kamwe usikubali fundi akate au kuziba pini ya ardhi ili kuua mvumo, hata akikuapia kwamba kwake yeye ndivyo ilivyo miaka yote.

Siku ya kwenda dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, piga picha ya nyuma ya televisheni yako na ya lebo ya king'amuzi, ukae nazo kwenye simu. Muuzaji akikwambia "itakubali tu, bosi", mwombe aiunganishe palepale kwa waya utakaoutumia nyumbani, aweke taarifa ya habari kwa sauti ya chini, kisha usogee hatua kadhaa usikilize kama maneno yanasikika yote.