Mekapu Laini Isiyoganda: Kazi Huanzia Kwenye Ngozi

Watu wengi wakiketi kwenye kiti changu, cha kwanza kunionyesha ni fondesheni waliyonunua. Mimi nataka kwanza kuuona uso mtupu, ulioshwa. Fondesheni hufuata kilicho chini yake: penye magamba makavu itang'ang'ania hapo, na penye mafuta mengi itateleza na kukusanyika pembeni mwa pua. Kwa hiyo muda mwingi kazini nautumia kabla sijafungua chupa ya rangi.

Hatua ya 1: Osha uso

Tumia sabuni laini ya uso na maji ya vuguvugu. Sabuni nyingi za kipande zina alkali, wakati ngozi yenyewe ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi na alkali) kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Ndiyo maana ukiziogea usoni unahisi ngozi imekakamaa. Kausha kwa kugusagusa na taulo, usisugue.

Skrabu ifanye siku moja kabla, si asubuhi ya shughuli, maana ngozi iliyotoka kusuguliwa huwasha na rangi haitulii juu yake. Kipodozi kipya nacho kijaribu mapema ndani ya kiwiko, uangalie kwa siku moja au mbili.

Hatua ya 2: Unyevu, kinga ya jua, kisha subiri

Paka losheni uso ukiwa bado na unyevunyevu. Ngozi kavu ipe krimu nzito. Yenye mafuta ipe jeli nyepesi. Usiiache ya mafuta bila kitu kwa kudhani inajitosheleza, kwa sababu ngozi inaweza kutoa mafuta na bado ikakosa maji.

Fuatisha krimu ya kukinga jua ya SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili inayojaza vidole viwili, kwa uso na shingo. Usiitegemee SPF iliyoandikwa kwenye fondesheni, kwani hakuna anayepaka fondesheni nyingi kiasi hicho. Kama utapigwa picha za usiku kwa mwanga wa flashi, angalia kama krimu yako ina zinki oksaidi au titani dioksaidi. Hizo huakisi mwanga, na uso unaweza kutoka mweupe kuliko shingo.

Sasa subiri dakika 5 hadi 10. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukipaka rangi juu ya krimu ambayo haijatulia, vinajiviringa na kutoka vipande vidogo kama takataka za kifutio. Pitisha kidole shavuni: kikiteleza, bado, kikigusa ngozi inayonata kidogo tu, endelea.

Hatua ya 3: Praima

Hiki ni kipodozi cha kutayarisha ngozi kabla ya fondesheni. Si lazima. Ukiitumia, weka kidogo penye vijitundu vikubwa: pua, katikati ya mashavu, paji la uso. La muhimu ni ielewane na fondesheni. Ya silikoni (tafuta dimethicone mwanzoni mwa orodha ya viambato) iende na fondesheni ya silikoni, na ya maji iende na ya maji. Changanya tone la kila kimoja nyuma ya mkono. Vikitengana hapo, na usoni vitatengana.

Hatua ya 4: Chagua rangi yako hasa

Chora mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana kutoka shavuni kushuka kwenye taya, kisha sogea dirishani. Taa za ndani hudanganya. Ngoja dakika 10, kwa sababu baadhi ya fondesheni huwa nyeusi zaidi zikikauka. Mstari unaopotea ndio wako.

Kama kina cha rangi kimekubali lakini uso unaonekana wa kijivu, tatizo liko kwenye rangi ya ndani ya ngozi: yako huenda inaelekea njano au wekundu, na chupa imeelekea kwingine. Na tafadhali usichague rangi nyepesi kuliko wewe ili ung'ae. Ngozi nyeusi ina mng'ao wake, na fondesheni nyepesi huuzima kwa kuifanya ipauke. Wengi wetu tuna paji la uso na kuzunguka mdomo kweusi kuliko mashavu. Rangi mbili zikichanganywa vizuri zinafaa kuliko moja ya kulazimisha.

Hatua ya 5: Madoa kwanza, kisha fondesheni

Weusi wa chini ya macho na madoa ya chunusi kwenye ngozi nyeusi huzimwa na krimu ya rangi ya chungwa. Kwenye ngozi nyeupe, rangi ya pichi. Weka juu ya doa tu, tabaka jembamba.

Lowesha sponji, ikamue mpaka isidondoshe tone. Weka fondesheni nyuma ya mkono, chovya kidogo, anzia katikati ya uso uelekee nje. Gonga, usivute, kuvuta huacha michirizi na kuondoa ulichokwisha paka. Pembeni mwa pua tumia ncha ya sponji. Tabaka likiisha, rudi nyuma hatua moja ujitazame kwenye kioo. Ongeza panapohitaji tu, na kwingine acha ngozi yako ionekane.

Hatua ya 6: Konsila na poda

Gonga konsila (kipodozi kizito cha kufunika weusi na madoa) kwenye pembe ya ndani ya jicho. Kabla ya poda, tazama juu, ulainishe kwa kidole mikunjo iliyojitokeza chini ya macho, kisha papo hapo weka poda kidogo. Ukiichelewesha, poda itafunga mikunjo hiyo kama ilivyo. Kwingine, poda iguse paji la uso, pua na kidevu. Mashavu makavu yaache.

Rangi ya mashavu ya krimu hutangulia poda, ya unga huifuata. Nyusi, wanja na mdomo malizia upendavyo.

Uso ukianza kung'aa mafuta mchana, gandamiza tishu kwanza ndipo uongeze poda. Poda juu ya mafuta huganda. Jioni ondoa vyote kabla ya kulala, uoshe sponji siku hiyo hiyo na brashi kila wiki. Maskara ikifika miezi 3 tangu uifungue, itupe hata kama haijaisha.