Ukifunga Fremu, Sema Mapema

Mimi ni kijumbe wa mchezo hapa Tandika, yaani nakusanya hela za watu wanaochangiana na kupokea kwa zamu. Zamani nilikuwa na fremu ya duka la nguo za watoto Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikafunga, kodi ya miezi sita ilipoisha na mtaji haujarudi. Tangu hapo wanaofunga wananijia, wengi usiku, maana mchana wanaona aibu. Ninachowaambia ni hiki.

Kwanza, sema. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, waliopoteza mali walipewa pole na kila mtu. Duka linalokufa polepole halipewi pole, linapewa maswali: si alikuwa anakula mtaji? Si ana mchepuko? Ndiyo maana watu wanaficha. Namjua baba mmoja wa Mbagala aliyekuwa anatoka asubuhi na funguo mfukoni, anashinda Mnazi Mmoja, jioni anarudi amechoka kama katoka dukani. Mkewe alishapata habari zamani, kwa mteja. Yule baba hakukondeshwa na hasara, alikondeshwa na maigizo. Mwambie mwenzio usiku huohuo, na kiasi kitaje. Watoto waambie kwa kifupi kwamba duka halipo na matumizi yatapungua. Kinachowatisha ni kuona wakubwa mnanong'ona.

Kama ulichukua mali kauli, yaani mzigo wa kuuza kwanza ulipe baadaye, mpigie tajiri aliyekupa kabla hajakupigia. "Kaka, duka nimefunga. Laki nne yako naijua. Mwisho wa mwezi naanza na elfu thelathini." Atafoka. Mwache afoke. Simu unayoiogopa inakunyima usingizi kuliko deni lenyewe. Kisha andika madeni yote kwenye daftari, hata la mama ntilie, kwa sababu yakikaa kichwani yanazaana. Na upeleke taarifa kwa watu wa kodi, TRA, na manispaa kuwa umefunga, usije ukadaiwa kwa biashara isiyokuwepo.

Aibu usiizibe kwa kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye riba ya kuumiza. Mwaka 2024 Benki Kuu ilifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Waliowahi kukopa kwenye baadhi ya programu za namna hiyo wanakumbuka meseji za deni zilivyofika mpaka kwa mashemeji.

Halafu kuna watakaokunong'oneza kuwa ni chuma ulete, jirani yako wa fremu ndiye aliyekuwa anavuta fedha zako. Mimi sibishani na mtu imani yake. Ila kuna dada alibakiwa na laki mbili, akazipeleka kwa mganga, akarudi hana hela na hana jirani. Kumtafuta mchawi kuna utamu wake, nakubali, maana kunakupumzisha kupiga hesabu. Hesabu yangu mimi ilikuwa nyepesi: kodi ilipanda, na wateja wakahamia kuagiza kwenye simu. Nilipoiandika chini nikaacha kumchunguza wifi yangu, niliyekuwa namshuku.

Asubuhi amka saa uliyokuwa unaamka, oga, toka. Nenda hata soko la samaki la Feri ukanunue samaki wa mboga, ilimradi uwe na sababu ya kuvaa viatu. Kwenye fremu yako ya zamani usiwe unapitapita kuangalia mwenzio anauza nini.

Ukiona wiki zinapita hulali, huli, au mawazo ya kufa yanakujia, hiyo si aibu tena, huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na inatibika. Mawazo ya kufa yakija usisubiri siku nyingine wala usikae peke yako: mwambie mtu akupeleke siku hiyohiyo. Hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala, popote palipo karibu, omba kuonana na mtu wa afya ya akili. Muhimbili kuna idara yake kabisa. Maombi endelea nayo, hayagombani na daktari.

Biashara mpya isubiri. Kama kuna mtu anakuhitaji umsaidie kuuza kwa posho ya siku, nenda, ingawa ulikuwa bosi. Kuuza cha mtu kunakurudishia mdomo wa kuongea na wateja bila presha ya kodi.

Mwisho, mchezo. Usizime simu siku ya kutoa. Kama hujapokea, mwambie kijumbe akutafutie mtu wa kununua nafasi yako. Kama ulishapokea, omba utoe nusu nusu mpaka umalize. Kijumbe akikutukana mbele ya watu, maliza deni lake, kisha njoo kwangu, nafungua mzunguko mpya wa elfu tano kwa wiki.