Kuwapeleka Watoto Kwenye Maporomoko ya Materuni

Maporomoko ya Materuni yako Uru, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, takriban kilomita 15 kutoka Moshi mjini. Kutoka kijijini hadi kwenye maji, mtu mzima hutembea kati ya dakika 40 na saa moja. Ukiwa na mtoto wa miaka mitano, ongeza walau nusu ya muda huo, kwa sababu atasimama kwenye kila mfongo, yaani mifereji ya kumwagilia waliyoichimba Wachaga, ili atie mkono majini. Mwendo wa safari nzima upangeni kwa miguu ya aliye mdogo kuliko wote.

Ondokeni Moshi mapema, ikiwezekana saa moja asubuhi, wakati kilele cha Kibo bado hakijafunikwa na mawingu na jua halijawa kali. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, mimi singewapeleka watoto wadogo, kwani udongo wa volkano ukilowa huteleza kama mlenda. Daladala za Uru zipo, lakini kwa familia ni afadhali kukodi gari linaloweza kupanda barabara ya matope, na kupatana na dereva mapema bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Kijijini hutozwa kiingilio. Chukueni na mwongozaji wa hapo hapo, ambaye anajua mahali palipoporomoka baada ya mvua ya juzi.

Kila mtoto avae raba zenye meno, zilizokwisha kuvaliwa na kuzoeleka mguuni. Safari yetu ya kwanza, binti yangu alivaa makubazi mapya. Mkanda ulikatika kabla hatujafika nusu ya njia, nami nikambeba mgongoni hadi mwisho huku nikijilaumu mwenyewe. Fungasheni sweta, taulo, nguo za kubadilisha ndani ya mfuko wa plastiki, maji ya kunywa, na vitafunwa visivyomwagika, kama ndizi mbivu, karanga na viazi vitamu vya kuchemsha.

Njia huanza kwa kupita kati ya vihamba, yaani mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba zao, ambamo kahawa hukua chini ya kivuli cha migomba, na mipaka yake hupandwa masale, mimea yenye majani marefu. Kisha hupanda, na mbele zaidi huwa nyembamba, ukuta wa mlima ukiwa upande mmoja na korongo upande wa pili. Hapo mtu mzima hutembea upande wa korongo na mtoto upande wa mlima, na wakati wa kurudi mnabadilishana mikono. Mtoto mshike kifundo cha mkono badala ya vidole, maana vidole vyenye jasho huchomoka. Penye mteremko mkali, mfundishe ashuke kiubavu kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, wala asikimbie hata akiona wenzake wanakimbia. Watoto wachovu huteleza zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda, kwa hiyo pumzikeni kabla hawajaomba.

Maporomoko yenyewe, yenye kimo cha takriban mita 80, husikika kabla ya kuonekana, na manyunyu yake hulowesha nguo hata za aliyesimama mbali. Maji ni baridi ya kukata pumzi. Watoto wachezee ukingoni, penye kina kifupi, wakiwa karibu na mkono wako, na asiwepo hata mmoja atakayekwenda chini kabisa ya maji yanapoangukia, kwani huenda jiwe au tawi likaanguka pamoja nayo. Mkiona maji yamegeuka kuwa ya rangi ya udongo, au yanaleta majani na vijiti kwa ghafla, tokeni mara moja na mpande mahali pa juu, hata kama jua linawaka: mvua inaweza kuwa imenyesha huko juu msikokuona.

Wabadilisheni nguo kabla ya kuanza kurudi, kwa sababu mtoto aliyelowa hupata baridi upesi kwenye kivuli cha korongo. Mkifika kijijini, ombeni kuonyeshwa namna kahawa inavyotayarishwa. Watoto hupewa mchi watwange wakiimbiwa, kisha buni hukaangwa kwenye moto wa kuni. Wasogezeni nyuma kidogo hapo, maana moshi huwasha macho, nanyi wazazi mnywe kikombe mkiwa mmekaa.