Ushindi wa mezani: namna ya kumhukumu aliyechelewa

Kabla hujapanga kete kwenye meza hata moja, bandika ukutani dakika ambazo mchezaji anaruhusiwa kuchelewa. Kwenye mashindano yetu ya sataranji hapa Dar mimi huweka 15, kwa kuwa wengine wanavuka na pantoni kutoka Kigamboni. Usipoweka, sheria za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, zimeshakuwekea: sifuri.

Raundi ikianza, saa ya mwenye kete nyeupe iende kwenye kila meza, hata ile ambayo wote wawili hawajafika. Ukiizima "tuwasubiri kidogo," upendeleo umeanza, maana hutamsubiri kila mtu.

Dakika zikiisha, aliyewahi atakuja kudai pointi yake. Usimuulize kwa nini anaidai. Pengine ana kinyongo cha wiki iliyopita, pengine ana njaa tu. Hayakuhusu. Kuna waamuzi humsuta mbele za watu, "Kumbe wewe unataka ushindi wa mezani?", mpaka anaona haya na kukubali kucheza. Hapo aliyeadhibiwa ni aliyewahi.

Nia ya kuchunguza ni yako. Sheria inampa mwamuzi ruhusa ya kuamua vinginevyo, na marafiki hupitia hapo hapo. Mimi hujiuliza: aliyechelewa angekuwa yule kijana anayenibishia kila Jumapili, ningemwongezea dakika? Halafu naligeuza: asingekuwa yeye, ningekumbuka hata kuitazama saa? Jibu likikukera, mwite mwamuzi mwenzako aamue. Na kama na wewe unacheza, usiguse kabisa meza ambayo matokeo yake yanakupandisha kwenye msimamo.

Ukiongeza muda, ongeza kwa raundi nzima, na utangaze kabla dakika hazijaisha: pantoni imeharibika, au ratiba uliyotuma ilikuwa na saa ya uongo. Foleni ya Mbagala haimo, hiyo ipo kila siku.

Atakayelalamika kwamba yeye ni mchezaji mkubwa, mkumbushe Almaty 2022, ubingwa wa dunia wa blitz, yaani sataranji ya kasi. Magnus Carlsen, aliyekuwa bingwa wa dunia, alifika amebakiwa na sekunde kama 30 katika dakika zake 3. Alikaa, akacheza na hizo hizo, akashinda.

Kwenye karatasi ya matokeo andika + na −, usiandike 1 na 0. Mchezo ambao haukuchezwa hauingii kwenye reiting, yaani alama za kiwango, ya yeyote kati yao.