Bahasha ya Februari: kura ya kukarabati shule za watoto wetu Washington

Jumatano moja nilikuwa nasafisha meza ya jikoni nikakuta bahasha ya kura iliyoletwa kwa posta chini ya rundo la kuponi za pizza. Uchaguzi ulikuwa umefungwa jana yake. Kilichokuwa kinapigiwa kura ni hatifungani, yaani mkopo unaolipwa kwa kodi, ya kukarabati shule za wilaya yetu, ikiwemo ile ambayo binti yangu alisomea kwenye kibanda cha muda nje ya jengo kuu, ndoo ya bluu ikikaa pembeni kudaka maji ya dari. Zaidi ya nusu ya waliopiga kura walisema ndiyo, na bado ikaanguka.

Wenzangu tulio jimbo la Washington, hasa huku kusini mwa Seattle, yaani Kent, Renton, Tukwila na Federal Way, tuelewe kwa nini huwa zinaanguka. Katiba ya jimbo inataka hatifungani ya shule ipate asilimia 60 ya kura. Tena idadi ya waliopiga isipungue asilimia 40 ya waliopiga kura katika uchaguzi mkuu uliotangulia wilayani humo. Tuseme Novemba walipiga watu 20,000. Februari zikirudi kura 10,000 na 5,900 zikaunga mkono, imeanguka. Zikirudi 7,900 na zote zikasema ndiyo, imeanguka vilevile, kwa kuwa hazikufika 8,000. Kwa hiyo bahasha iliyobaki mezani si kitu kidogo. Na kura hizi mara nyingi huletwa Februari au Aprili, mvua inanyesha, hakuna mgombea wa urais wa kuwakumbusha watu.

Hatifungani yenyewe ni mkopo. Wilaya ya shule inauza hati kwa wawekezaji, inapata fedha kwa mkupuo, kisha inalipa deni na riba kwa miaka mingi kutoka kwenye kodi ya majengo. Fedha hizo ni za majengo tu: paa, mabomba, mitambo ya joto, madarasa mapya. Haziruhusiwi kulipa mishahara. Uendeshaji unachangiwa na levi, yaani kodi ya ziada ya majengo, ambayo ni kura nyingine na hupita kwa zaidi ya nusu tu. Jimbo nalo lina mpango wa kusaidia ujenzi, ila kwa kawaida wilaya lazima itoe fungu lake kwanza. Wala tatizo si letu peke yetu: mwaka 2020 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba asilimia 41 ya wilaya za shule nchini zinahitaji kukarabati au kubadilisha mitambo ya joto na hewa katika angalau nusu ya shule zao.

Kodi itapanda? Huenda, na tusimdanganye mtu. Kiwango hutajwa kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba. Kikiwa senti 50, mwenye nyumba ya dola 600,000 atalipa dola 300 kwa mwaka, sawa na dola 25 kwa mwezi. Uliza pia kama kuna deni la zamani linalomalizika, maana hapo ongezeko huwa dogo. Mpangaji naye huchangia kupitia kodi ya pango. Wazee wetu wenye miaka 61 na kuendelea, pamoja na wenye ulemavu, wakiwa na kipato kidogo wanaweza kuomba msamaha wa kodi ya majengo kwa mthamini wa kaunti. Wengi hawajui, na lugha ndiyo inayowakwamisha. Kaa na mama au baba mjaze fomu pamoja.

Sasa hili nalisema kwa uzito wote: kama hujapata uraia, usijiandikishe na usipige kura, hata kama una grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) na umelipa kodi miaka kumi. Kwenye ofisi ya leseni za udereva unaweza kuulizwa kama unataka kujiandikisha, jibu hapana. Kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini na kukufungia mlango moja kwa moja. Kama ulishakosea, nenda kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu nyingine yoyote.

Lakini asiye raia ana mdomo. Mkutano wa bodi ya shule uko wazi kwa kila mtu, na mzazi anaweza kuomba nafasi ya kuzungumza. Omba mkalimani mapema. Eleza ulichokiona kwa macho yako: choo kilichofungwa, darasa lenye baridi. Unaweza pia kugonga milango ya majirani. Kuchangia fedha za kampeni ni suala jingine. Mwenye viza tu, bila grinikadi, amwone wakili kwanza. Na usimlaumu mwalimu asipokwambia upige vipi, kwani haruhusiwi kutumia saa au vifaa vya shule kufanya kampeni. Makanisa, misikiti na vyama vyetu vinaweza kuunga mkono pendekezo kama hili kwa kiasi, ila si mgombea.

Kwa raia, kujiandikisha mtandaoni au kwa posta hufungwa siku 8 kabla ya uchaguzi; baada ya hapo unakwenda mwenyewe kwenye kituo cha uchaguzi cha kaunti hadi saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Kura huja kwa posta, na kuirudisha hakuhitaji stempu. Wiki ya mwisho itumbukize kwenye sanduku rasmi la kura, kwa sababu muhuri wa posta ukichelewa kura imepotea. Saini ifanane na iliyo kwenye kumbukumbu zako za kujiandikisha. Kaunti ikikuandikia kwamba haifanani, jibu haraka, inarekebishika.

Majimbo mengine yana sheria zake: California asilimia 55 kwa hatifungani nyingi za shule tangu 2000, Texas inatosha zaidi ya nusu.

Nyumbani shule ikikosa paa, daftari la mchango hupita mlango kwa mlango. Huku daftari letu ni bahasha hii. Siku hizi ikifika tu tunaibandika kwenye friji kwa sumaku. Jumamosi baada ya chai kijana wetu anasoma kijitabu cha wapiga kura kwa sauti, anatafsiri, anarudia pale baba mkwe asipoelewa. Kila mtu anaweka alama yake mwenyewe, anasaini, kisha tunatembea pamoja hadi kwenye sanduku lililo nje ya maktaba.