Jinsi ya kumhesabu kuchandefu wa Sharpe kwenye nyasi za Kinangop

Kuchandefu wa Sharpe (Macronyx sharpei) ni ndege asiyepatikana kwingine duniani ila Kenya, na uwanda wa Kinangop, Nyandarua, ndio ngome yake. Yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Nyasi anazozitegemea karibu zote zimo mashambani mwa watu, kwa hiyo kazi huanzia langoni.

Hatua ya 1: Piga hodi
Mweleze mwenye shamba unachotafuta kabla hujatoa darubini. Muulize pia, "Mzee, hapa palilimwa lini mara ya mwisho?" Jibu hilo liandike. Nyasi zinazoota baada ya viazi hazirudishi upesi mafungu magumu ambamo ndege huyu hujificha.

Hatua ya 2: Soma nyasi
Hapa wengi hupita mbio, na ndipo penye siri yote. Usidanganywe na ukijani. Anachotaka ndege huyu ni nyasi fupi zilizoliwa na kondoo, katikati yake yakisimama mafungu magumu ya nyasi. Kwenye nyasi fupi anaokota wadudu. Penye fungu anajificha na kujenga kiota. Mkulima akiyang'oa mafungu kwa kuwa ng'ombe hawayapendi, malisho yatapendeza macho lakini ndege atahama. Pima mraba wa mita 10 kwa 10, uhesabu mafungu yaliyomo.

Hatua ya 3: Tembeeni kwa mstari
Watu watatu au zaidi, mmoja hatua kumi kutoka kwa mwenzake, asubuhi kabla jua halijawa kali. Ndege huruka ukishamkaribia sana, chini chini, kisha hujitosa tena nyasini mbele yenu. Mwaka wangu wa kwanza nilimhesabu mmoja mara tatu kwa sababu hiyo. Sasa mimi huchora ramani ya shamba na kutia alama kila ndege anapotua.

Hatua ya 4: Hakikisha ni yeye
Njano kooni hadi tumboni, michirizi kifuani, weupe pembeni mwa mkia. Ukiona mkufu mweusi shingoni, huyo ni binamu yake, Macronyx croceus.

Hatua ya 5: Andika, uondoke
Ndege akizunguka kwa wasiwasi, kiota kiko karibu. Tafadhali usifunue fungu, rudi ulikotoka.

Shamba ulilolijua likiwa limelimwa au kupandwa mikaratusi, liandike vilevile, na 0 kwenye safu ya ndege.