Kisu cha kukunja cha mfukoni: kukichagua, kukibeba, kukinoa na kukikusanya

Kisu cha kukunja cha jadi hakina kifungio. Bapa likiwa wazi linashikwa na springi ya chuma iliyolala mgongoni mwa mpini, ikikandamiza shina la bapa pale linapozungukia pini. Springi ikiwa nzuri, kisu kinadumu miaka hamsini na zaidi. Ikiwa mbovu, hakuna kinoo wala mafuta yatakayokiokoa. Kwa hiyo ukienda kununua, anza na springi; urembo wa mpini utautazama baadaye.

Kiinue kisu kikiwa kimefungwa, ukielekeze dirishani, uchungulie kati ya springi na vibati vya shaba ya njano vilivyo ndani ya mpini. Mwanga ukipenya, jua pini zimelegea au hakikuunganishwa vizuri, na mchanga utajaa humo. Kifungue taratibu. Bapa linatakiwa kujivuta lenyewe mwishoni, wakati wa kufungua na wakati wa kufunga, kwa mlio mkavu. Ukucha ukitaka kuvunjika, springi ni ngumu mno kwa kazi za kila siku na kisu kitaishia kabatini. Bapa likining'inia tu, kiache, maana hicho ndicho kinachokufungia vidoleni.

Kikiwa wazi, libane bapa kwa vidole viwili ulitikise. Kucheza kidogo kushoto na kulia kunavumilika kwa kisu kilichokwisha kutumika. Kucheza juu na chini, kwa mwelekeo wa kukatia, hakuvumiliki, kwa sababu maana yake shina au springi imelika. Halafu kifunge, upitishe kidole gumba juu ya mpini polepole. Ncha ikikukwaruza, itakuchoma kila utakapotia mkono mfukoni.

Upande wa chuma, chaguo ni mawili. Chuma cha kaboni kinanoleka upesi na kinashika makali membamba, lakini kinapata kutu. Ukikatia ndimu, embe au kitunguu, bapa linageuka la kijivu au la samawati. Rangi hiyo ni kinga, usiisugue. Kinachotakiwa kuondolewa ni wekundu wa kutu tu. Chuma kisichoshika kutu kinanoleka kwa taabu zaidi, ila kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, mwenye jasho na hewa ya chumvi mchana kutwa, ndicho cha kuanzia.

Kwa anayeanza tunapendekeza Opinel namba 8 ya Savoie, Ufaransa, yenye bapa la sentimita 8.5, inayopatikana kwa vyuma vyote viwili. Hiyo haina springi. Bapa linabanwa na mbao ya mpini, na tangu 1955 imewekewa pete ya kuzungusha inayolizuia lisijikunje. Udhaifu wake ni maji: mbao ikilowa inavimba, bapa linakwama. Usilivute kwa koleo. Gonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza, upande ule ambako mgongo wa bapa unaelekea, na bapa litachomoza kiasi cha kushikika. Kisha kiache kikauke kivulini. Kukianika juani kunapasua mbao.

Okapi, kisu kingine cha kukunja, ina historia yake Afrika. Wajerumani walianza kuitengeneza 1902 kwa ajili ya makoloni yao barani humu, wakaipa jina la mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo, ambaye alikuwa ametambulishwa kwa wanasayansi mwaka mmoja tu kabla. Siku hizi inatengenezwa Afrika Kusini. Ile yenye pete mgongoni ina kifungio: huvuti pete, hakikunjiki. Chuma chake ni cha kaboni, kwa hiyo kinataka mafuta.

Kukibeba

Kitie mfuko wa mbele, kwenye ala nyembamba ya ngozi au kimefungwa kitambaa, mbali na funguo na sarafu. Mfuko wa nyuma haufai: ukikaa unakipinda, na kinadondoka bila wewe kujua. Bapa la sentimita 6 hadi 8 linatosha kumenya chungwa, kukata kamba, kufungua gunia na kuchonga penseli.

Kwenye ndege kinakwenda ndani ya begi la mizigo, kamwe si begi la mkononi. Walioko Uingereza wajue kwamba kisu cha kukunja kisicho na kifungio, chenye makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.62), kinaruhusiwa hadharani bila kulazimika kutoa sababu; lakini kikiwa na kifungio, hata kiwe kifupi, utatakiwa uwe na sababu halali. Kwa kipimo hicho Opinel namba 8 na Okapi ya pete zote mbili zinabaki nyumbani. Kwingineko, soma sheria ya pale ulipo kabla ya kukitia mfukoni, na mahali penye ukaguzi mlangoni usiende nacho.

Kwa kuwa kisu cha jadi hakina kifungio, usichome nacho wala usikitumie kubandua. Nguvu ikija kutoka mgongoni mwa bapa, kinajifunga juu ya vidole. Unapokifunga, shika mpini kwa pembeni, vidole visipite kwenye mfereji, kisha sukuma mgongo wa bapa kwa kiganja.

Kukinoa

Hapa ndipo visu vingi vinaharibika. Jiwe la mota la fundi wa mtaani linatoa cheche na joto, na joto hilo linalegeza chuma cha makali. Ukiona bapa limepata rangi ya samawati baada ya jiwe la mota, ugumu wake umekwisha pale. Tumia kinoo cha mkono, cha chenga 1000, na cha 400 ikiwa makali yamemeguka (namba ikiwa ndogo, kinoo kinakwaruza zaidi). Kiloweshe maji.

Inua mgongo wa bapa kutoka kwenye kinoo kwa theluthi ya upana wake. Bapa la milimita 15 linainuliwa milimita 5, ambayo ni takriban nyuzi 20. Nenda toka shinani hadi nchani kwa mkono mwepesi, upande mmoja tu, mpaka upapase upande wa pili na kuhisi ukingo wa chuma uliojikunja, wenye kukwaruza kidogo, urefu wote wa makali. Usipouhisi, hujafika, hata kama umesugua nusu saa. Ukiuhisi, geuza ufanye vilevile. Malizia kwa kubadilisha pande kila mpigo, ukizidi kupunguza uzito wa mkono, halafu burura bapa mara kumi juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Karatasi ya gazeti ikatike bila kuchanika.

Chini ya makali, karibu na shina, kuna kinundu kidogo kinachozuia makali yasigonge springi kisu kikifungwa. Usikinoe. Kikiisha, makali yatakuwa yanajigonga kwenye springi kila unapofunga, na utaona alama ya kubonyea mahali palepale siku zote.

Kusafisha ni kazi fupi: maji ya moto, sabuni, mswaki mkuukuu, kijiti cha meno kwenye mfereji, kisha kikauke kabisa. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini, ufungue na kufunga mara ishirini, ufute weusi unaotoka, urudie hadi yatoke safi. Mafuta ya kupikia hayafai, yanaganda na kunata. Bapa la kaboni lipakwe utando mwembamba kabla ya kuwekwa.

Kukusanya

Chagua uwanja mwembamba: kampuni moja, mji mmoja wa watengeneza visu kama Sheffield (Uingereza), Solingen (Ujerumani) au Thiers (Ufaransa), au umbo moja. Halafu jifunze kusoma shina, maana muhuri wa mtengenezaji uko hapo. Kampuni ya Case ya Pennsylvania, Marekani, ni darasa zuri: visu vya 1970 vina nukta kumi chini ya jina, na kila mwaka nukta moja iliondolewa hadi ikabaki moja 1979. Namba iliyopigwa kwenye shina nayo inasema kitu. Kwenye 6254, 6 ni mpini wa mfupa uliochongwa, 2 ni idadi ya mabapa, 54 ni umbo. Kisu cha Uingereza au Ujerumani kilichouzwa Marekani kikiwa na jina la nchi, kwa kawaida si cha kabla ya 1891, kwa sababu sheria ya ushuru ya huko ndiyo iliyolazimisha jina hilo.

Muhuri ulio wazi juu ya bapa lililolika sana unatia shaka. Mara nyingi sehemu zimebadilishwa. Bapa lililong'arishwa kwa mashine mpaka kona zikawa za mviringo limepoteza thamani, na haliwezi kurudishwa.

Usivihifadhi ndani ya ala za ngozi. Ngozi inanyonya unyevu na kemikali zake zinaleta kutu kwenye chuma na ukijani kwenye shaba. Vifunge kwa kitambaa cha pamba, kwenye sanduku lenye vifuko vya kukaushia hewa, uvikague kila miezi mitatu. Mipini ya zamani ya seluloidi (plastiki ya kale) iwekwe peke yake, mbali na vingine vyote: ikianza kuoza inatoa mvuke wenye asidi unaotia kutu kila kisu kilicho kwenye sanduku hilo. Ukisikia harufu kali, au ukaona mpini unatoa ufa na bapa la jirani limeshika kutu ghafla, kitoe siku hiyohiyo.